Ligi Inapoanza na Mikorosho Inachanua

Ndugu msomaji, ukifika kwetu Masasi mwezi wa Agosti utakuta vitu viwili vimechanua kwa wakati mmoja: mikorosho na matumaini ya wapenzi wa mpira. Mikorosho hunukia vizuri asubuhi. Wapenzi wa mpira hupiga kelele kuanzia alfajiri hadi usiku.

Sisi tunaowaandikia ni akina mama watano wa mtaa mmoja. Tuna upatu wetu. Kila Alhamisi jioni tunakutana kwenye baraza ya mwenzetu mmoja, tunahesabu fedha, tunakunywa chai, kisha tunabishana. Wawili wetu ni Simba na wawili ni Yanga. Wa tano ni mzaliwa wa Newala, naye husema yeye ni wa timu yoyote itokayo kusini, hata kama mwaka huo haimo katika ligi. Wako watakaouliza, akina mama na mpira, wapi na wapi? Nasi tunawauliza: hizo jezi hufuliwa na nani?

Miaka ya tisini, tulipokuwa wasichana, mwanzo wa ligi ulitujia kwa sauti ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na shida yetu kubwa ilikuwa betri. Betri zilizochoka zilianikwa juani pamoja na makopa ya mihogo, zikapata nguvu ya kutosha kipindi kimoja. Kipindi cha pili ulikwenda kukisikiliza kwa jirani. Mzee mmoja wa mtaani alikuwa akikaa na redio sikioni, na hakutuambia matokeo mpaka tumchotee maji ya kunawa.

Siku hizi mwanzo wa ligi una sherehe zake. Simba walianzisha Simba Day mwaka 2009, wakaiweka tarehe 8 Agosti, yaani siku ya Nane Nane, sikukuu yetu wakulima, ingawa miaka ya karibuni imekuwa ikihamahama. Yanga nao hawakukubali kupitwa, wakaleta Wiki ya Mwananchi mwaka 2019. Kisha huja Ngao ya Jamii, ndipo ligi yenyewe ifuate. Mambo makubwa hufanyika Dar es Salaam, katika ule uwanja wa watu 60,000 uliofunguliwa mwaka 2007, ambao tangu 2020 unaitwa kwa jina la marehemu Rais Benjamin Mkapa. Mzee Mkapa ni mtoto wa Lupaso, huku huku kwetu Masasi, na Lupaso ndiko alikozikwa. Kwa hiyo mashabiki wanapotishana kwamba kwa Mkapa hatoki mtu, sisi hatuna hofu. Kwa Mkapa ni kwetu.

Utamu wa siku hizi za mwanzo ni nini? Ni kwamba hakuna aliyefungwa. Jedwali la ligi lina sifuri kutoka juu mpaka chini, na sifuri, kwa kweli, ni namba ya haki kuliko zote. Mchezaji mpya ambaye hatujamwona akigusa mpira tayari ni bora kuliko wote waliopata kuzaliwa. Kocha ni mwerevu. Kipa ana mikono mirefu. Hata yule mshambuliaji aliyekosa mabao ya wazi mwaka uliopita tunaambiwa amepumzika vizuri, na sisi tunasadiki.

Wakulima wa korosho tungepaswa kuwa na akili zaidi. Shada moja la mkorosho laweza kuwa na maua mamia, lakini mengi ni madume yasiyozaa, na yanayofikia kuwa korosho ni machache sana. Ubwiri unga ukiingia mapema na salfa ikachelewa, hata hayo machache hunyauka. Mambo haya tunayajua tangu utoto. Lakini pita shambani mwezi wa nane ukawasikilize watu wanavyohesabu mabati ya nyumba mpya kwa kutazama maua tu!

Ndanda hii hii ya hospitali?

Hapa mwenzetu wa Newala anatukumbusha kwamba tulimwahidi nafasi yake. Kwa msomaji asiyeijua nchi yetu, Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe, na Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Wamakonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaona bonde la Ruvuma likinyooka kuelekea Msumbiji, na upepo unaweza kukuvua kitambaa cha kichwa.

Jumamosi ya tarehe 20 Septemba 2014 tulikuwa huko Newala kwa arusi ya mdogo wake. Siku hiyo hiyo Ligi Kuu ilikuwa inafunguliwa. Timu ya mkoa wetu, Ndanda FC ya Mtwara, ilikuwa imepanda daraja kwa mara ya kwanza, ikapangwa kuanza ugenini, huko Shinyanga, dhidi ya Stand United, nayo iliyopanda mwaka huo. Mashabiki wa Ndanda hujiita Wana Kuchele, maana yake kumekucha. Sisi watu wazima tulikuwa tumewaombea wasifungwe mabao mengi.

Jioni, maturubai yamejaa watu, mshereheshaji alikatiza muziki kabla ya keki. Tulidhani kuna gari linazuia njia. Kumbe alikuwa na karatasi ya matokeo: Stand United moja, Ndanda nne. Vigelegele vilivyopigwa hapo, bibi arusi mwenyewe hakuvipata alipoingia. Bibi yao mzaa mama, aliyekuwa ameketi mbele kabisa, alimvuta mjukuu nguo.

"Ndanda gani? Ndanda hii hii ya hospitali?"

"Ndiyo, bibi."

"Imewafunga Wasukuma?"

"Manne, bibi."

Bibi akatikisa kichwa taratibu. "Basi waganga wake ni wazuri bado."

Yeye alimaanisha madaktari wa hospitali ya misheni ya Ndanda, waliomtibu maisha yake yote. Lakini vijana waliokuwa karibu na vipaza sauti walicheka hadi wakashika mbavu, maana katika mpira wetu neno hilo lina maana nyingine, na bibi wa watu hakuelewa kwa nini wanamcheka.

Habari haikuishia hapo. Siku hiyo Yanga walifungwa na Mtibwa Sugar mabao 2-0. Kesho yake, Jumapili, Simba walitangulia 2-0 dhidi ya Coastal Union, wakarudishiwa yote, wakamaliza 2-2. Tulipokuwa garini kurudi Masasi, Ndanda ilikuwa inaongoza ligi ya nchi nzima kwa tofauti ya mabao. Konda aliitangaza habari hiyo kila kituo kana kwamba yeye ndiye aliyefunga.

Ndanda haikudumu kileleni. Ilikaa Ligi Kuu misimu sita, ikihangaika mingi kati yake, ikashuka mwaka 2020. Lakini mwenzetu alikata jedwali la wiki ile gazetini, na mpaka leo limo ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Tumemwambia mara nyingi alitoe, wiki moja si ubingwa. Yeye hujibu kwamba hata arusi ni siku moja, na picha tumezitundika ukutani.

Mandazi matano

Sasa tuseme jambo ambalo tulisitasita kulisema.

Sisi wa huku tumelelewa katika utani. Mtani aweza kukucheka hata msibani, nawe usikasirike. Simba na Yanga nao ni watani wa jadi, na kila upande una hazina yake. Yanga waliwafunga wenzao 5-0 mwaka 1968. Simba wakajibu 6-0 mwaka 1977, Abdallah Kibadeni akifunga matatu peke yake, kisha wakaongeza 5-0 mwaka 2012. Mwenzetu mwenye baraza ni Simba wa damu. Hiyo sita ya 1977 alikuwa akitusomea kila Alhamisi, ingawa mwaka huo alikuwa hajazaliwa.

Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023 watani walikutana. Mapumziko ilikuwa 1-1. Mpaka mwisho, Yanga 5, Simba 1. Wenzetu wawili wa Yanga hawakulala vizuri kwa furaha. Jumatatu asubuhi na mapema wakakaanga mandazi matano, wakayapanga juu ya sahani, wakayafunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma, wakamtuma mtoto ayapeleke kwa mwenye baraza, pamoja na salamu kutoka kwa Maxi Nzengeli, Aziz Ki na wenzao. Na sisi wengine, tukiri, tulicheka sana.

Mchana sahani ilirudi imeoshwa. Kitambaa hakikurudi, wala jibu.

Alhamisi mwenye baraza alimtuma mtoto na fedha ya upatu, akasema tusiende kwake, baraza linatengenezwa. Tulipita pale tusione fundi wala ndoo ya mchanga. Tukakutana chini ya mwembe, tukamsema: kumbe watu wa Simba hawajui utani! Wiki ya pili fedha yake ilikuja nusu. Wiki ya tatu haikuja.

Ndipo mwenzetu wa Newala akatuambia tunyamaze, akajifunga kitenge, akaenda usiku peke yake.

Msomaji, sisi tunaujua mkeka wa ukili, ule wa kukalia. Vijana wana mkeka mwingine, wa kwenye simu, wanaoandikia timu wanazodhani zitashinda na kuuwekea fedha. Malipo ya korosho za mnada wa kwanza yalikuwa yameingia, na baba wa nyumba ile, ambaye macho yake hayaoni vizuri, alimtuma kijana wake akayatoe. Kijana alitoa. Akaona kwamba akiiweka sehemu kubwa juu ya Simba, ataileta nyumbani ikiwa mara mbili, na baba atafurahi. Hiyo ilikuwa ada ya shule ya Januari na salfa ya msimu uliofuata. Mandazi yetu matano yalifika asubuhi ambayo nyumba ile haikuwa na sukari ya chai. Watoto waliyala. Mama yao alituambia baadaye kwamba alikaa jikoni na kile kitambaa mkononi, hajui acheke au alie.

Zamu ya upatu ya Desemba ilikuwa ya mmoja wa wale waliokaanga mandazi. Hakuambiwa na mtu. Alikwenda nayo yote mpaka mlangoni, akasema, "Dada, chukua zamu hii, mimi nitapokea yako." Wakakaa kimya kwa muda. Hatusimulii haya kwa kujisifu, maana aibu ilikuwa imetukaba sote. Yule kijana, baba yake hakumpiga. Aliuza simu yake, akapewa jembe, na msimu wa mvua ule alipalilia mikorosho ya baba na ya watu wengine kwa kibarua, akirudisha kidogo kidogo.

Baraza letu sasa lina sheria mbili. Hakuna dau, hata la soda. Na utani hautumwi kwa mtoto. Mwenye nao aulete mwenyewe, amwone usoni yule anayemtania.

Mwezi wa Julai 2024 tulisikia mashine ya kupulizia salfa ikinguruma shambani kwao. Aliyeibeba mgongoni alikuwa yule kijana, mweupe kwa unga wa salfa toka kichwa mpaka miguu. Salfa haikuwa ya kutosha miti yote, lakini walianza kwa wakati.

Nane Nane ya mwaka huo iliangukia Alhamisi, siku yetu, na Ngao ya Jamii ikawakutanisha Simba na Yanga kwa Mkapa katika nusu fainali. Mwenye baraza aliita watu mwenyewe. Alikuwa amefagia, ametandika mkeka wa ukili, amejifunga kanga nyekundu. Matumaini yake yalikuwa yale yale ya kila Agosti: wachezaji wapya, kocha mpya, safari hii mtatutambua. Kijana wake aliketi sakafuni karibu na mlango. Sisi wote tulikuwa waangalifu mno, tukisifu kila pasi ya Simba, hata mbaya.

Kabla ya mapumziko Yanga wakapata bao. Mfungaji? Maxi Nzengeli, huyo huyo. Mchezo ukaisha 1-0. Wenzetu wa Yanga hawakuthubutu kutabasamu. Mmoja alikuwa anakagua pindo la kitenge chake kama aliyepoteza sindano. Mwenye baraza aliinuka bila kusema neno, akaingia ndani.

Tulitazamana. Mmoja wetu akaanza kutafuta viatu vyake.

Akatoka na sahani mkononi, imefunikwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma. Akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya wale wawili, akawatazama usoni kama sheria inavyosema, akafunua. Lilikuwa andazi moja tu katikati ya sahani.

"Gawaneni," akasema. "Ligi yenyewe haijaanza."