Maniema: Tangazo lafika kwenye simu, asiyeona hasikii kitu

Mkaaji wa Tunda, jimboni Maniema, asiyeona, akitumiwa kwa simu tangazo la serikali lililopigwa picha, lenye sahihi na muhuri, programu ya kusoma kwa sauti mara nyingi humwambia neno moja tu: picha. Abaki kutafuta wa kumsomea, hata kama ni barua ya siri.

Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye kuishi na ulemavu nchini Kongo. Dawa yenyewe si ghali. Ofisi iliyoandika tangazo kwa kompyuta tayari inayo maandishi. Iyatume pamoja na picha ya muhuri. NVDA, programu inayosoma Kifaransa kwenye kompyuta, haiuzwi.