Unalala huku, unatumika kule: nani anakata mushahara?

Ndugu musomaji, pengine mutoto wako yuko Marekani, nawe unangojea feza yake ya masomo ya wadogo. Umuulize hili: unalala jimbo gani, unatumika jimbo gani? Kule, zaidi ya kodi ya serikali kuu, majimbo mengi yanakata kodi yao ku mushahara.

Kentucky na Indiana walipatana. Mutu anayekaa Indiana na kuvuka muto Ohio kwenda kutumika Louisville, analipa kodi ya jimbo kwa Indiana tu. Kodi ya muji wa Louisville, hiyo inabaki. Lakini asipotia karatasi ya makao yake ku kampuni, Kentucky nayo itakata, na atangojea kurudishiwa. Karatasi moja tu! Umukumbushe leo.