Kiti cha mzazi kwenye masomo: mchimbaji naye akigombee

Mwezi wa Septemba, masomo yakifunguka, direkteri anaita wazazi wote kwa mkutano mkubwa. Ni katika mkutano ule wazazi wanachagua watu watakaokaa kwenye Komite ya Wazazi, ile wote tunaita COPA. Sisi wachimbaji siku ile tuko wapi? Wengi tuko kwenye karyere, safari ya siku mbili ao tatu toka nyumbani. Mama yuko shambani anavuna kakao, ao yuko soko ya Nobili. Mkutano unapita bila sisi. Kisha miezi mitatu tunaanza kuulizana barabarani: ile feza ya watoto inakwenda wapi? Nani alikubali hii malipo mapya? Jibu ni moja tu: prezida wa COPA alisaini kwa jina la wazazi wote, na wewe pia.

Wazee walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Sisi wa sendika tunataka kusema leo juu ya kiti hiki, maana wachimbaji wa Kamango, wa Beni na wa Butembo wanakiona kama kiti cha watu wa biro. Hapana. Ni kiti cha mzazi yeyote aliye na mtoto kwenye masomo, na unaweza kukigombea hata kama mikono yako imejaa udongo.

Kiti chenyewe ni kitu gani

Katika inchi yetu hakuna uchaguzi wa baraza la masomo la muji muzima. Kila masomo iko na vyombo vyake viwili. Cha kwanza ni COPA: ni ya wazazi peke yao, na prezida wake ni mzazi. Cha pili ni Baraza la Usimamizi, COGES, linaloongozwa na direkteri kwa primeri ao prefe kwa segonderi. Pale ndani kuna walimu, na prezida wa COPA anaingia kwa jina la wazazi. Ni katika COGES wanapanga feza ya masomo: ngapi itaingia, ngapi itatoka, kwa kazi gani.

Unaona sasa maana ya kiti hiki. Mlango wa COGES ukifungwa na ndani hakuna mzazi anayeuliza, kila kitu kitapita. Sisi kwenye shimo tunajua vizuri jambo hili. Hakuna mchimbaji anayekubali dhahabu yake ipimwe nyuma ya mlango. Mizani inawekwa mbele ya macho ya wote, kila mmoja anaona gramu zake, na kama kuna wasiwasi inapimwa tena. Feza ya masomo inatoka kwenye dhahabu ileile. Juu ya nini tunakubali ihesabiwe gizani?

Namna mzigo ulifika kwa mzazi

Vijana hawajui namna mambo yalifika hapa, basi tukumbushane. Zamani kule Katanga, kampuni ya Union Minière iliwapa wachimbaji wake nyumba, hospitali na hata masomo ya watoto. Kampuni na misioni ndiyo walipanga kila kitu, na mzazi alileta mtoto tu, hakuulizwa neno. Kisha uhuru kampuni ikawa Gécamines, ikaendelea vilevile. Miaka ya 1990 ilipoanguka, masomo yake yakaanguka nayo, na mzazi akajikuta peke yake, hana hata desturi ya kukaa kwenye meza na kuuliza. Wachimbaji wa kule walilipia somo hilo kwa bei kali.

Kwa masomo ya serikali mambo yalikuwa hivi. Mwaka wa 1974 utawala wa Mobutu ulinyanganya makanisa masomo yao. Tarehe 26 Februari 1977 ukayarudishia usimamizi kwa mkataba. Njo maana mpaka leo masomo mengi hapa kwetu, ya Wakatoliki, ya Waprotestanti na ya Waislamu, yanasimamiwa na kanisa ao msikiti lakini ni ya serikali, na walimu wanapashwa kulipwa na serikali. Miaka ya 1992 na 1993 walimu waligoma muda mrefu juu ya mshahara. Ili watoto warudi kalasini, wazazi wakaanza kuchangia mshahara wa mwalimu, ile feza wakaiita motivasyo. Ilikuwa dawa ya siku chache. Ikakaa zaidi ya miaka makumi mbili.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya primeri ni ya lazima na ya bure katika masomo ya serikali. Hiyo sheria ilikaa kwenye karatasi mpaka Septemba 2019, wakati serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilianza kuitumia kweli. Watoto wengi wakaingia, kalasi zikajaa, na hiyo ni furaha yetu. Lakini bure haikumaliza maswali. Walimu wengine hawajaingia kwenye listi ya mshahara, tunawaita NP na NU. Na mara kwa mara majina mapya ya malipo yanazaliwa: feza ya kapi, feza ya ulinzi, feza ya ujenzi. Kwa segonderi malipo yapo kwa sheria, na gavana wa jimbo anasaini kila mwaka karatasi inayoonyesha yale yanayoruhusiwa. Kile kisichokuwa kwenye karatasi ya gavana, mzazi ana haki ya kuuliza kimetoka wapi. Lakini nani atauliza, kama mwenye kiti hajasoma ile karatasi?

Kura ndogo yenye uzito

Toka tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Gavana ni wa kuwekwa, meya wa Beni na wa Butembo ni wa kuwekwa. Hatusemi hapa kama ni vizuri ao vibaya. Tunasema tu kwamba kiti cha COPA ni kati ya viti vichache vilivyobaki ambavyo jirani anachagua jirani yake, macho kwa macho.

Na watu wa hapa si wageni wa kura. Tukumbuke mwisho wa 2018. CENI ilisogeza kura ya Beni na Butembo mpaka Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama, wakati inchi nzima inachagua rais. Tarehe 30 Desemba watu wa Beni walitoka asubuhi, wakapanga mistari, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe, wakijua haitahesabiwa Kinshasa. Watu wenye moyo kama ule watashindwa namna gani kusimama kwenye uwanja wa masomo na kuchagua mama mmoja anayejua kuhesabu?

Wengine wanafikiri mambo haya ni madogo. Kule Chicago, muji mkubwa wa Marekani, ni Novemba 2024 tu, kwa mara ya kwanza, watu walichagua sehemu ya baraza la masomo ya muji. Mbele ya pale meya ndiye aliweka wote. Walipigania jambo hilo miaka mingi, na sendika ya walimu ilikuwa mstari wa mbele. Kenya, sheria ya masomo ya 2013 inapatia wazazi viti sita vya kuchaguliwa kwenye baraza la kila masomo. Sisi kiti tuko nacho tayari. Kinakosa tu mtu wa kukigombea.

Namna ya kugombea

Ya kwanza, ujue tarehe. Mama ao mtoto mkubwa aende kwa direkteri mwisho wa Agosti na kuuliza: mkutano wa wazazi ni siku gani? Ukiwa karyere, sendika itapeleka habari kwa simu, na wale wa shimo moja wapange zamu: nani anapanda kwenda mkutanoni, nani anabaki kulinda shimo.

Ya pili, usiende kama mtu wa sendika. Wala usiende kama mtu wa chama, wa kabila ao wa kanisa fulani. Nenda kama mzazi. Mbele ya siku ile, ongea na wazazi wa kalasi ya mtoto wako, nyumba kwa nyumba. Kura ya COPA haitaki banderole wala bia. Inataka watu kumi na tano ao makumi mbili wanaosema: huyu tunamujua, akichukua feza anaandika.

Ya tatu, na hii tunaikazia: wamama wagombee. Mchimbaji anakaa mwezi muzima mbali na kwake, namna gani atahudhuria mikutano ya COGES? Mama ndiye anaona mtoto akifukuzwa juu ya malipo, anajua daftari ni bei gani, na katika likirimba yake ya kila juma anashika feza ya wengine bila kupoteza hata franka mia. Mwanaume asiseme kwamba mama yake mtoto hajasoma sana. Kuhesabu na kuuliza hakutaki diplomu ya serikali.

Ya ine, ahidi kidogo. Usiseme utafuta malipo yote. COPA haina nguvu hiyo, na mwalimu wa NP naye ana watoto. Ahidi kitu utakachoweza: kila miezi mitatu wazazi wataona hesabu.

Ukishapata kiti

Omba karatasi tatu kabla ya kusaini kitu chochote: karatasi ya gavana inayoonyesha malipo ya mwaka, mpango wa feza wa COGES, na kitabu cha kasa. Uliza pia feza ya utendaji kazi inayotoka serikalini: imefika ao haijafika, na imefanya nini. Omba hesabu ibandikwe ukutani pale kila mzazi anapita. Kila feza mzazi analipa iwe na resu yenye kachet, hata kama ni ndogo. Kama hawataki kukuonyesha, usipige kelele. Andika barua, weka tarehe, baki na kopi, na peleka kwa msimamizi wa kanisa lenye masomo na kwa biro ya serikali ya elimu.

Kuna hatari moja tunaijua. Mtu anaingia COPA akiwa mkali. Direkteri anamwambia: watoto wako hawatalipa. Toka siku ile mdomo unafungwa. Tunajua masomo moja, jina tunaacha, ambako kiti kilikaa na mtu mmoja miaka mingi namna hiyo, na wazazi hawakuona hesabu hata mara moja. Basi anayegombea aseme wazi mbele ya mkutano: watoto wangu watalipa kama wa wengine.

Na tusichanganye kazi. COPA haichagui walimu, haifukuzi mtu, haipangi alama za mitihani. Mwalimu ni mfanyakazi kama sisi. Anapogoma kwa mshahara wake, anagomea serikali, si mtoto wako. Mzazi wa COPA anayejua jambo hili atakaa na walimu, atafute nao namna watoto hawatapoteza mwaka.

Juu ya watoto waliokimbia

Kwa Kamango kuna sababu nyingine tena. Julai 2013 waasi wa ADF walipovamia, watu zaidi ya makumi sita elfu walivuka kwenda Bundibugyo, Uganda. Toka Oktoba 2014 mauaji yakaenea eneo la Beni. Mwaka wa 2024 yakafika mpaka njia ya Manguredjipa, kule wengi wetu tunachimba. Kila mara masomo yanafungwa, watoto wanapokelewa kwenye masomo ya wengine, mara nyingi wanasoma mchana wakati wenyeji wametoka. Mtoto wa mkimbizi anaombwa karatasi zilizoungua pamoja na nyumba. Anaombwa malipo aliyokwisha kulipa kule alikotoka. Nani anamsemea? Kama katika COPA ya masomo yanayopokea kuna mzazi aliyekimbia naye, ule mtoto hatarudishwa mlangoni.

Ndiyo sababu tunawaomba wenyeji: mkichagua, wekeni ndani mzazi mmoja wa wakimbizi. Nanyi wakimbizi, msikae nyuma ya mkutano mkisema hapa si kwetu. Pale mtoto wako anasoma ni kwako.

Sheria ya migodi inakataza mtoto kuchimba, na sendika inakubaliana nayo. Lakini tunajua namna mtoto anafika kwenye shimo. Kwanza anafukuzwa juu ya malipo. Anakaa nyumbani juma moja, mawili. Kisha anafuata mkubwa wake karyere kubeba maji. Kisha anabeba mchanga. Mwaka ukiisha, anashuka. Kati ya siku ya kufukuzwa na siku ya kushuka kuna nafasi ya mzazi mmoja wa COPA kusimama mbele ya direkteri na kusema: huyu mtoto arudi kalasini, malipo tutaongea na baba yake.

Basi wandugu, wamama, wapapa, mwisho wa Agosti uko karibu kuliko tunavyofikiri. Kila shimo lichague leo nani atapanda kwa mkutano wa wazazi. Kila nyumba iulize tarehe. Na pale direkteri atakaposema: nani anagombea? mkono wa mchimbaji, ao wa mke wake, uinuke.