Jinsi Neno la Kigeni Linavyokaa Akilini

Mwanafunzi wa Kitanzania anapomaliza shule ya msingi ya serikali na kuingia kidato cha kwanza, huvuka mpaka wa lugha. Masomo aliyoyazoea kwa Kiswahili humkabili sasa kwa Kiingereza. Katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, safari hiyo ni ndefu zaidi, kwa kuwa watoto wengi huanza maisha kwa Kimaasai au Kimeru, hujifunza Kiswahili, kisha hukutana na Kiingereza kikiwa lugha yao ya tatu. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anayejua vizuri kwa nini maji huchemka huweza kukosa alama zote za swali, si kwa kuwa hajui sayansi, bali kwa kuwa neno moja au mawili ya swali hilo yalikuwa giza kwake.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo uchunguzi wa kisayansi umeyathibitisha kuhusu namna msamiati unavyojengeka, na namna mwalimu na mwanafunzi wanavyoweza kuyatumia bila gharama kubwa.

Maneno mangapi yanahitajika?

Kiingereza kina maneno mengi mno, lakini hayatumiki kwa kiasi sawa. Mwaka 1953 Mwingereza Michael West, aliyewahi kufundisha kwa miaka mingi huko Bengal, alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi. Imeonekana kwamba maneno hayo huchukua karibu asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Kwa hiyo, mwenye kuanza na maneno hayo hupata faida kubwa kwa jasho dogo.

Hata hivyo asilimia 80 haitoshi. Hebu msomaji ajaribu sentensi hii ya maneno 20, ambamo manne yamefichwa:

Maji yatokayo katika ...... za Meru hupita ...... yenye madini, na mtoto anayeyanywa miaka mingi hupata ...... katika ...... yake.

Maneno 16 yanaeleweka, na bado habari yenyewe imepotea. Yaliyofichwa ni chemchemi, miamba, madoa na meno. Habari ni ile ya floridi, madini yaliyozidi katika maji ya sehemu nyingi za Meru na kuyapaka meno ya wakazi rangi ya kahawia. Hivyo ndivyo ukurasa wa kitabu unavyoonekana kwa mwanafunzi mwenye asilimia 80 ya maneno. Mwaka 2000 watafiti Hu na Nation walionyesha kwamba ili mtu asome peke yake kwa ufahamu mzuri, yampasa kujua kiasi cha asilimia 98 ya maneno, yaani asikutane na neno geni zaidi ya moja katika kila maneno 50.

Mwanafunzi hana budi basi kuongeza maneno mengi, na hapo ndipo huanza kukariri orodha ndefu usiku wa kuamkia mtihani. Je, njia hiyo inafaa?

Usahaulifu na dawa yake

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alijifunza silabi zisizo na maana, kisha akapima ni kiasi gani cha juhudi yake ya kwanza kilikuwa bado kinamsaidia alipojifunza upya. Baada ya siku moja faida iliyobaki ilikuwa kama theluthi moja tu, na baada ya siku 31 kama moja ya tano. Tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha polepole. Kwa sababu hiyo, marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali hushinda marudio yaliyorundikwa katika usiku mmoja.

Lakini kurudia kwa namna gani? Jibu lililo wazi zaidi lilipatikana mwaka 2008, na lilipatikana kwa kutumia Kiswahili. Watafiti Jeffrey Karpicke na Henry Roediger waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani jozi 40 za maneno ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza, kama vile “mashua” na “boat”. Kiswahili kilifaa kwa kuwa wanafunzi hao hawakukijua hata kidogo.

Wote walisoma na kujaribiwa mpaka kila neno likakumbukwa angalau mara moja. Tofauti ilikuja baadaye. Kundi moja liliendelea kujaribiwa maneno yote, hata yale lililokwisha kuyaweza. Kundi jingine liliendelea kuyasoma maneno yote, lakini neno likishakumbukwa mara moja halikuulizwa tena. Baada ya wiki moja, waliokuwa wakijaribiwa walikumbuka kiasi cha asilimia 80, yaani maneno kama 32. Waliokuwa wakisoma tu walikumbuka kiasi cha asilimia 36, yaani maneno kama 14.

La kushangaza zaidi ni kwamba makundi yote yalikuwa yamekisia kuwa yangekumbuka karibu nusu. Wanafunzi hawakuhisi tofauti ya njia walizotumia. Kusoma orodha tena na tena humpa mtu hisia ya kujua, kwa sababu neno liko mbele ya macho yake. Kulidai neno litoke kichwani wakati daftari limefungwa ni kazi ngumu zaidi, lakini kazi hiyo ndiyo inayolikaza neno akilini.

Maneno yapi yafundishwe pamoja?

Walimu wengi hupenda kufundisha maneno ya jamii moja kwa siku moja: rangi zote, matunda yote, au maneno mawili yanayopingana. Mpango huo unapendeza ubaoni, lakini majaribio ya Thomas Tinkham, yaliyochapishwa mwaka 1993 na 1997, yalionyesha kwamba maneno yanayofanana sana kimaana yakifunzwa kwa pamoja hugongana, na kujifunza kunachelewa. Maneno yanayokutana katika tukio moja hushikika kwa urahisi zaidi.

Msemaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kujihadhari. Sisi husema “kuazima” kwa anayetoa na kwa anayepokea. Kiingereza hutenga “lend” na “borrow”. Mkono kwetu ni mmoja; kwao kiganja na vidole ni “hand”, na sehemu ya juu ni “arm”. Saa yetu ni “clock” ikiwa juu ya mnara katikati ya mji wa Arusha, ni “watch” ikiwa mkononi, na ni “hour” ikiwa kipimo cha dakika 60. Maneno ya namna hii yakifundishwa siku moja, mwanafunzi hubaki akiuliza lipi ni lipi. Afadhali moja litangulie na kukomaa, ndipo mwenzake aletwe.

Badala ya orodha ya jamii moja, mwalimu achague tukio. Habari ya maji ya Meru peke yake hutoa “slope” kwa mteremko, “spring” kwa chemchemi, “flow” kwa kutiririka, “pipe” kwa bomba na “stain” kwa doa. Maneno hayo hayafanani, lakini yanasimulia kisa kimoja ambacho mtoto wa Ngaramtoni au Usa River anakijua kwa macho yake.

Maneno ya kawaida yanayoficha sayansi

Makosa mengi katika sayansi hayatokani na istilahi ngumu. “Photosynthesis” hufafanuliwa darasani. “Table” haifafanuliwi, kwa kuwa kila mtu anadhani analijua. Lakini katika swali la mtihani si meza, bali jedwali. “Solution” ni utatuzi katika hisabati na ni mmumunyo katika kemia. “Work” ni kazi yoyote mtaani. Katika fizikia, mwanamke aliyesimama kimya katika soko la Tengeru na mkungu wa ndizi kichwani hafanyi “work” yoyote, hata kama shingo yake inauma. Nchini Uingereza, Cassels na Johnstone walichapisha mwaka 1985 uchunguzi ulioonyesha kwamba hata wanafunzi huko hukwama katika maneno ya kawaida yanayotumika katika sayansi, na mara nyingine huyapa maana iliyo kinyume kabisa. Kwa hiyo mwalimu wa sayansi naye ni mwalimu wa msamiati.

Zoezi la daftari moja

Mwanafunzi akunje kila ukurasa wa daftari katikati. Upande wa kushoto aandike neno la Kiingereza pamoja na sentensi fupi aliyoitunga mwenyewe. Upande wa kulia aandike maana kwa Kiswahili. Maneno manane au kumi kwa siku yatosha. Jioni hiyo afunike upande mmoja na kujiuliza. Ajiulize tena kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki, na baada ya mwezi. Safari nyingine afunike upande wa kushoto, kwa maana kulitambua neno ni jambo moja na kulitoa kinywani ni jingine. Neno likimshinda, lirudi mwanzo wa ratiba. Neno aliloliweza asilifute, bali aendelee kuliuliza.

Mwalimu naye aweza kutoa dakika tano za mwanzo wa kipindi kwa maswali ya maneno ya wiki iliyopita, bila alama na bila adhabu. Anayeogopa kukosea hunyamaza, na aliyenyamaza hapati nafasi ya kulidai neno litoke.

Wanafunzi wa Marekani walijifunza “mashua” kwa njia hii, nao hawakuwa na jirani wa kuwasemesha Kiswahili. Wetu wanaweza kujifunza “boat” kwa njia hiyo hiyo, kwa daftari na kalamu walizonazo.