Maafisa Mikopo na Wajibu wa Kuijenga Sera

Elimu ya chuo kikuu ilianza nchini mwetu tarehe 25 Oktoba 1961, katika jengo la TANU mjini Dar es Salaam. Tangu siku hiyo swali la nani alipie elimu ya juu, na kwa faida ya nani, limekuwa swali la siasa. Mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea ilitukumbusha kwamba msomi ana deni kwa wakulima na wafanyakazi waliomsomesha. Baadaye, sera ya kuchangia gharama ilipoingia, deni hilo la heshima likaandikwa pia kwa shilingi. Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi mwaka 2005.

Kati ya Bodi na mwanafunzi yupo afisa mikopo wa chuo. Wengi humjua siku ya kusaini bumu tu. Lakini huyu ndiye anayeona sera inapomgusa mtoto wa mkulima, na kwa sababu hiyo tunasema kwamba ana wajibu wa kuisemea.

Yapo makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni urasimu. Afisa husema: "Mimi natekeleza mwongozo tu." Mtu wa namna hii huona kasoro ile ile mwaka hadi mwaka, akafunga jalada na kwenda nyumbani. La pili ni kelele zisizo na hoja. Hizi huwachosha viongozi na kuwaacha wanafunzi pale pale walipokuwa. Makosa yote mawili yana matokeo mamoja: mwenye uamuzi hapati ukweli kutoka chini.

Basi afisa mikopo afanye nini?

Kwanza, akusanye ukweli kwa utaratibu. Tuchukue yatima. Mwongozo unamtaka alete cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, na kwa upande wa Zanzibar na wakala wa huko. Sharti hili lina sababu, kwa maana fedha za umma hazigawiwi kwa maneno matupu. Lakini mzazi aliyezikwa kijijini bila kifo kusajiliwa humwachia mtoto kazi ngumu, na muda wa kuomba mkopo haumsubiri. Afisa aandike: ni waombaji wangapi walikwama hapo, wanatoka wilaya zipi, na wangapi walipata haki yao baada ya rufaa. Vivyo hivyo kwa mwanafunzi maskini aliyesomeshwa na mfadhili katika sekondari ya binafsi, ambaye asipoleta ushahidi huonekana mtoto wa tajiri. Majina yao yabaki siri. Idadi ndizo zipelekwe mbele.

Pili, aeleze hesabu kwa lugha inayoeleweka. Hebu tutazame tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ya kulinda thamani ya mkopo. Mdaiwa wa shilingi 10,000,000 aliongezewa 600,000 kwa mwaka, yaani 50,000 kwa mwezi. Kama mshahara wake wa msingi ulikuwa 400,000, makato ya asilimia 8 yalikuwa 32,000. Alilipa kila mwezi, na deni likazidi kukua! Makato yalipopandishwa hadi asilimia 15 mwaka 2016, alikatwa 60,000, na ni 10,000 tu iliyopunguza deni lenyewe. Mwaka 2021 Serikali ilitangaza kuifuta tozo hiyo. Hesabu kama hii humwonyesha hata asiye mtaalamu wa fedha mahali palipo na kasoro.

Tatu, ajue njia na wakati. Hoja ianzie kwenye uongozi wa chuo, iende kwenye Bodi, kisha wizarani. Sheria inapojadiliwa, kamati za Bunge hupokea maoni ya wadau. Bajeti hujadiliwa Bungeni kuanzia Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayezinduka mwezi Juni amechelewa. Hoja yake ingetakiwa kufika wakati makadirio yanaandaliwa.

Nne, maafisa waseme kwa pamoja. Taarifa ya chuo kimoja huweza kuitwa malalamiko. Taarifa ya vyuo kumi iliyokusanywa kwa fomu moja ni ushahidi.

Mabadiliko yanawezekana. Posho ya chakula na malazi ilipanda mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na mwaka 2023 mikopo ikafunguliwa kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada. Hata hivyo, mfuko una mpaka. Afisa anayedai nyongeza hana budi kusema pia marejesho yakusanywe vipi, kwani mdaiwa mwenye kipato anayekwepa kulipa anamnyang'anya nafasi mdogo wake anayekuja nyuma.

Ibara ya 11 ya Katiba inaitaka Serikali ifanye jitihada ili watu wote wapate fursa sawa ya elimu katika ngazi zote. Jitihada hizo zinahitaji macho, na macho ya karibu kabisa ni ya afisa aliye dirishani. Tunamtaka aseme anachokiona, akiwa na takwimu mkononi, kwa nidhamu na bila woga.