Gegedu la goti kwenye mteremko wa Ufipa

Gegedu la goti ni tabaka jeupe, linaloteleza, linalofunika ncha za mifupa pale inapokutana. Kwa mtu mzima unene wake kwa kawaida ni milimita 2 hadi 4. Nyuma ya pia ya goti huweza kupita milimita 5. Tabaka hilo jembamba ndilo linalobeba safari ya mtu anayeshuka kwa miguu kutoka uwanda wa Ufipa, kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, hadi Muze au Mtowisa katika bonde la Ziwa Rukwa, karibu mita 1,000 chini zaidi.

Kupanda huchosha mapafu, lakini kushuka ndiko kunakolielemea goti zaidi. Vipimo kutoka magoti bandia yaliyofungwa vifaa vya kupima nguvu vimeonyesha kuwa mwendo wa tambarare hulikandamiza goti kwa mara 2.5 hivi ya uzito wa mwili, na kushuka ngazi mara 3.5 hivi. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni zaidi ya kilo 200 kwa kila hatua. Akijitwika debe la mahindi, goti huongezewa zaidi ya uzito wa debe lenyewe, kwa sababu misuli ya paja huvuta kwa nguvu ili goti lisikunjike, na mvuto huo nao huishia kwenye gegedu.

Kinachopokea mzigo huo kwanza ni maji. Asilimia 65 hadi 80 ya uzito wa gegedu ni maji, yaliyonaswa na molekuli kubwa ziitwazo protioglikani. Molekuli hizo zina chaji hasi: husukumana na kuvuta maji, hivyo gegedu hutaka kuvimba wakati wote. Nyuzi za kolajeni hulizuia. Karibu na uso zimelala. Chini kabisa zimesimama wima na kujikita mfupani.

Mguu unapotua, maji hutafuta pa kutokea, lakini vipenyo ni finyu mno na huzidi kubanwa kadiri gegedu linavyobonyea. Ndivyo ulivyo udongo wa mfinyanzi chini ya jengo jipya: maji hubeba uzito kwanza, kisha hutoka taratibu na udongo hutitia. Hisabati iliyotungwa kwa ajili ya udongo ilitangulia nadharia ya gegedu waliyoichapisha Van C. Mow na wenzake mwaka 1980. Mwanzoni maji huweza kubeba zaidi ya asilimia 90 ya mzigo. Mguu unaotembea huinuka kabla hayajatoka.

Kuchuchumaa ni jambo jingine. Mkulima anayepalilia maharage kwenye ntumba, yale matuta ya mviringo ambamo Wafipa hufukia majani yaoze yawe mbolea, hukunja magoti kwa muda mrefu. Maji hutoka kidogo kidogo na nyuzi hubaki na mzigo. Baada ya kukunja magoti mara nyingi mfululizo, gegedu la pia ya goti hupungua ujazo kwa asilimia chache, na huchukua zaidi ya saa moja kurejea. Kuinuka na kutembea kati ya tuta na tuta kuna faida ya kweli, kwani gegedu halina mishipa ya damu. Seli zake hulishwa na ute wa kiungo, na mwendo husaidia kuusukuma ndani.

Kwa kukosa damu, gegedu lililochanika halijiponyi vizuri, jambo ambalo William Hunter alilieleza London mwaka 1743. Nyuzi zikikatika na protioglikani zikipungua, maji hutoroka upesi, na mzigo wa kila hatua huangukia sehemu ngumu ya gegedu. Kwa mwenye goti la namna hiyo, fimbo mkononi na paja lenye nguvu hupunguza maumivu ya mteremko.