Je, Wajua? Mwanafizikia wa Dar Aliyetekwa na Kalamu

Je, wajua kwamba mtu wa kwanza kutwaa tuzo ya fasihi ya Giller ya Kanada mara mbili alikulia Dar es Salaam, na taaluma yake ilikuwa fizikia ya nyuklia?

Ni M.G. Vassanji. Alizaliwa Kenya mwaka 1950. Baba alipofariki, mama akahamia Dar na wanawe. Masomo yakampeleka MIT, Marekani, kisha uzamivu Pennsylvania. Mwaka 1978 akahamia Kanada.

Riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack (1989), inamhusu Salim Juma anayerithi gunia. Ndiyo, gunia! Kila kinachochomolewa humo kinafungua kisa cha Waasia waliovuka bahari kuja kwetu, wakafungua maduka, wakazaa, wakazika. Giller ilipotolewa kwa mara ya kwanza, 1994, ilikwenda kwa riwaya yake The Book of Secrets. Mwaka 2003 akaichukua tena.

Na vitabu vya safari? A Place Within (2008) ni cha India. And Home Was Kariakoo (2014) ni cha Afrika Mashariki, na kwangu ndicho cha kuanza nacho, hasa ukidhani simulizi za safari ni za wazungu waliotafuta chanzo cha Nile tu.

Nawe wa Kihesa, Iringa, unayeshuka mlima Kitonga na kuvuka mbuga ya Mikumi kila uendapo Dar: beba daftari, andika unayoyaona dirishani.